Ramani Inayojua Kukataa: QGIS Yaingia Porini Vigwaza

Kama una kompyuta mpakato na bando la kutosha, acha kwanza hicho unachofanya, upakue QGIS. Nayasema haya nikiwa bado na joto la kuijaribu, maana furaha ya namna hii ukisubiri itulie ndipo uiandike, nusu yake inapotea. Miaka yote nimetafuta mahali pa kupiga kambi kwa kuuliza marafiki, kwa kusimamisha gari kando ya barabara na kuchungulia porini, kwa kutazama picha za watu mitandaoni. Sasa nimetafuta kwa ramani inayokokotoa, na sirudi nilikotoka!

QGIS ni programu ya kutengeneza na kuchambua ramani, mojawapo ya zile zinazoitwa GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia. Gary Sherman alianza kuiandika mwaka 2002, na tangu hapo watu wa kujitolea duniani kote wameikuza mpaka ikafika meza moja na programu zinazouzwa kwa mamilioni. Yenyewe haiuzwi. Haina kipindi cha majaribio kinachokatika ukiwa katikati ya kazi, haina vitufe vilivyofungwa mpaka ulipie. Toleo nililoweka ni 3.40, lililopewa jina la Bratislava, na nililiuliza swali moja tu: kikundi cha vijana wenye mahema walale wapi Vigwaza?

Mbona Vigwaza? Kwa wasafiri wengi wa Barabara ya Morogoro, Vigwaza ni mizani. Malori yanapanga foleni, mabasi yanapunguza mwendo, wachuuzi wanakimbilia madirishani, kisha safari inaendelea kwenda Chalinze. Wapenda kambi wa Dar es Salaam wanaijua njia ya fukwe za Bagamoyo, wanaijua Saadani, wanaijua misitu ya Pugu. Hapa katikati ya Mlandizi na Chalinze hawashuki. Lakini nyuma ya mizani kuna Mto Ruvu unaojipindapinda kutoka Milima ya Uluguru kwenda baharini, kuna vichaka na mikwaju, kuna nchi inayopanda taratibu kuelekea magharibi, na jiji liko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kutoka kazini Ijumaa na kulala chini ya nyota usiku huo huo. Eneo zuri lisilo na kijitabu cha watalii ndilo linaloihitaji programu kama hii.

Nilianza na mwinuko. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada, kikapima urefu wa karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Data hiyo, inayojulikana kama SRTM, inagawanya ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30, na kila kipande kina namba ya urefu wake kutoka usawa wa bahari. Kwa Afrika, data ya kiwango hicho ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Bure! Unajiandikisha NASA, unapakua, unaiburuta ndani ya QGIS, na mbele yako kunatokea mraba wa kijivu usiosema kitu. Halafu unaiambia programu ichore vivuli kana kwamba jua linatoka kaskazini magharibi.

Jamani. Bonde la Ruvu liliinuka kwenye skrini! Uwanda mpana ulionyooka, kingo zake, vijito vinavyoteremka kutoka upande wa Chalinze ambavyo ukiwa barabarani unavipita juu ya makalvati bila kujua kama vipo. Nimepita njia hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuliona umbo lake. Kuna kifaa kingine cha kuchora mkato: unavuta mstari kutoka mtoni hadi barabarani, na chini ya dirisha inatokea picha ya kupanda na kushuka kwa ardhi hatua kwa hatua. Nilikaa nikivuta mistari bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Baada ya vivuli, mteremko. Amri moja inageuza urefu kuwa ukali wa mteremko kwa kila kipande. Hapa mpiga kambi anahitaji kujua anachotaka. Ardhi iliyolala kabisa haifai, kwa sababu mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda na yatakuja kulala nawe ndani ya hema. Ardhi inayoteremka sana nayo itakufanya uamke miguu yako ikiwa nje ya mlango. Mimi nachukua mteremko wa asilimia 1 hadi 5, na niliiagiza QGIS ipake kijani vipande hivyo pekee. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ruvu ilibaki bila rangi. Kijani kiliganda kwenye kingo na mabega ya ardhi, mahali ambapo mtu anayetafuta mandhari ya mto asingetazama mara mbili.

Na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa chombo hiki. Nilikuwa nimekuja kutafuta mahali pazuri. QGIS inakufundisha kuanza na mahali pasipofaa.

Chukua maji. Kila mtu anataka kambi karibu na maji, na Ruvu una viboko na mamba, na una masika. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kimechambua picha za setilaiti za Landsat tangu mwaka 1984 na kutengeneza tabaka linaloonyesha ni vipande gani vya dunia vimewahi kufunikwa na maji, na kwa kiwango gani. Nalo ni la bure, nalo linaingia QGIS bila ubishi. Kwa kuwa masika huja na mawingu na kamera za kawaida hazioni chini ya mawingu, niliongeza picha za Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya inayotumia rada. Rada haijali mawingu wala usiku. Maji yaliyotulia yanaonekana meusi juu yake kwa sababu mawimbi yanateleza pembeni badala ya kurudi. Unaweka picha ya Aprili juu ya picha ya Septemba, unawasha na kuzima, unawasha na kuzima, na mto unapanuka na kusinyaa mbele ya macho yako! Ukitembelea eneo hilo Septemba utaliona limekauka, lina nyasi fupi, linakaribisha. Ramani inakwambia hapana.

Sheria nayo inasema hapana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika QGIS unachagua mstari wa mto, unaandika 60, na ukanda uliokatazwa unajichora wenyewe pande zote mbili, ukifuata kila kona. Mimi niliandika namba kubwa zaidi. Mita 60 zinaulinda mto dhidi yangu. Kiboko anayetoka kula nyasi usiku anahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kisha kukataa kukaenda kasi. Hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande: hapana. Ukanda mpana kuzunguka mizani, kwa sababu injini za malori hazilali: hapana. Pembezoni mwa reli, ya zamani na ya kisasa ya SGR: hapana. Mashamba: hapana. Ranchi ya Ruvu, mali ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, iliyo ndani ya kata hii hii: hapana, na mipaka yake usiibahatishe kwa macho, iombe ofisini. Maeneo ambayo setilaiti za NASA zimeyarekodi yakiungua kiangazi baada ya kiangazi: hapana. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa jua na kugeuka tope la kunasa gari wakati wa mvua, una tabaka lake pia. Ramani ya udongo ya Afrika iitwayo iSDAsoil inatoa kiasi cha mfinyanzi kwa vipande vya mita 30. Hapana. Kila tabaka lilipokuja, ramani ilitikiswa kama mchele kwenye ungo, makapi yakapeperuka, na zilizobaki zilikuwa chembe chache za kijani ambazo ningeweza kuzizungushia kidole moja moja.

Furaha yangu iliongezeka nilipokumbuka fani hii yenyewe ilianzia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanajiografia Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi Ottawa, Kanada, katika kampuni ya upimaji wa anga iitwayo Spartan Air Services. Ikaja kazi kutoka Kenya: tafuteni mahali panapofaa kupanda miti kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Miteremko, hali ya hewa, barabara, wanyama, kila kimoja na ramani yake, na zote zilipaswa kulazwa moja juu ya nyingine kwa mkono. Gharama ilikuwa kubwa mno, kazi ikakwama. Tomlinson akajiuliza kama kompyuta isingeweza kuzilaza ramani hizo yenyewe. Kutokana na wazo hilo ukazaliwa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, na yeye akaja kuitwa baba wa GIS. Swali lililoanzisha yote lilikuwa la Afrika Mashariki, nalo liliuliza wapi panafaa! Leo kijana wa Chalinze anaweza kulijibu swali la aina ile ile bila kulipa senti kwa programu wala kwa ramani.

Sehemu tamu kuliko zote ni kikokotoo cha rasta, yaani cha ramani zilizogawanywa katika vipande. Ukishajua pasipofaa, unapanga vilivyobaki kwa alama. Kila sifa unaipa alama kati ya 0 na 1 kwa kila kipande: kivuli cha miti, urahisi wa kufika, mtandao wa simu, ukaribu wa zahanati, utulivu. Kila sifa unaipa uzito wake, kisha unajumlisha. Mwisho unazidisha jumla hiyo kwa ramani ya makatazo, ambayo ina namba mbili tu, 0 na 1. Hapo ndipo uaminifu wa mfumo ulipo. Kipande kinaweza kuwa na mkwaju wa kivuli kipana, upepo mwanana na mandhari ya mto wakati jua linazama. Kama kiko ndani ya mafuriko kimepewa sifuri, na sifuri ikizidishwa na uzuri wowote inabaki sifuri. Binadamu hatuko hivyo. Tukishapenda mahali tunaanza kupatetea.

Uzito wenyewe ni suala la kubishania, na nashauri mbishane. Mimi naipa zahanati uzito mkubwa kuliko mandhari, na kama kambi ni ya wanafunzi naiongezea zaidi. Rafiki yangu wa kupiga picha anataka machweo yapewe nusu ya alama zote. Sawa, unabadilisha namba, unabofya, na kabla chai haijapoa ramani nyingine iko tayari. Mnaona kwa macho yenu chembe zipi zimehama na zipi zimekataa kuhama. Zile zisizohama, hata namba zikigeuzwa namna gani, ndizo za kuzitembelea kwanza.

Sasa, mapenzi yasinizuie kusema mahali pa kuwa macho, na katika bonde la Ruvu ni pengi. Rada ya mwaka 2000 haikupenya majani yote ya miti. Msitu mnene wa kando ya mto unaweza kuonekana kwenye data kama kilima kidogo, kumbe ni vichwa vya miti juu ya ardhi tambarare inayojaa maji. Kwenye milima kosa la mita kadhaa si kitu. Kwenye uwanda wa mafuriko ndilo tofauti ya kulala pakavu na kuogelea. Dawa yake ni kuweka picha ya Sentinel-2 juu yake, yenye vipande vya mita 10, na kuuliza: hiki kilima kina miti? Kama kina miti mitupu na kiko mtoni, usikiamini. Tena mwaka 2000 SGR haikuwapo. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017, na tuta la reli hiyo, linalobadilisha njia ya maji ya mvua, halimo kabisa kwenye mwinuko wa SRTM. Picha mpya zinaliona. Lichore mwenyewe kama mstari, uliwekee ukanda wake, uendelee.

Na tafadhali, mipangilio ya makadirio, yaani mfumo wa kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa! Vigwaza iko kwenye ukanda wa UTM 37 Kusini, na namba ya kuandika kwenye QGIS ni 32737. Ukipata zile ramani za zamani za Serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo ni hazina kwa majina ya vijito na vilima, fahamu kwamba zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukizisoma kwa mfumo wa GPS bila kuzigeuza, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Penye mto unaojipinda kama Ruvu, mita 300 zinatosha kukuweka ng'ambo isiyo yako. QGIS inazigeuza ukiiambia 21037. Namba mbili tu hizo, ziandike ukutani.

Kisha ukafika wakati wa kutoka nje, na hapa nina programu ya pili ya kuisifu: QField. Imetengenezwa na OPENGIS.ch ya Uswisi, inakaa kwenye simu ya kawaida ya Android, na inabeba mradi wako wote wa QGIS kama ulivyo, matabaka na rangi zake, bila kuhitaji intaneti. Nilisimama kwenye nyasi nikiwa na simu mkononi, doa la buluu likitembea juu ya kijani changu, na nikaona kwamba ukingo wa rangi umelala pale pale ardhi inapoanza kuinuka chini ya viatu. Nilipiga kelele peke yangu!

Nilikwenda na ruhusa, na hilo nalisisitiza. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na hakuna tabaka la setilaiti linalokupa haki ya kuchomeka kigingi. Ukishapata chembe zako za kijani, nenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, wape ramani iliyochapishwa, waulize. Ramani iliyochapishwa inafungua mazungumzo kuliko maneno matupu. Watu wanaiinamia, wanaigeuza, wanaweka kidole. Hivyo ndivyo mzee mmoja niliyeelekezwa kwake alivyofanya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mnataka kulala hapa?" Kidole kilikuwa juu ya chembe yangu ya alama za juu kabisa. "Hapa maji hayafiki, umeona vizuri. Ila alfajiri ng'ombe wa Wamasai wanapita kwenda kunywa. Sogeeni nyuma ya ule mkwaju, muwaachie njia."

Hakuna setilaiti iliyoniambia habari za ng'ombe wa alfajiri. Nikafungua QField pale pale, nikaongeza tabaka jipya, nikachora njia ya mifugo huku mzee akinielekeza kona kwa kona, mpaka inapokata kijito. Nilipomwonyesha mstari umekaa juu ya ramani alitikisa kichwa, akaniambia niongeze na ya pili, ya upande wa Chamakweza. Programu ambayo inapokea ujuzi wa mwenyeji ndani ya dakika, na kuupa nafasi sawa na rada iliyorushwa angani na NASA, mimi naiheshimu kupita kiasi.

Kuhusu data ya barabara na njia ndogo, nilitumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na umma. Dar es Salaam imo kwa undani wa ajabu, shukrani kwa Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 ambapo wanafunzi na wakazi waliingia mitaani kuchora mifereji na maeneo ya mafuriko, na jiji likaja kupokea mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, mwaka 2018. Ukitoka kwenda Vigwaza njia za miguu zinapungua kwenye ramani hiyo, ingawa ardhini zimejaa. Hilo lisikukatishe tamaa. Kila njia utakayoipita na kuithibitisha unaweza kuiongeza, na mpiga kambi atakayekuja baada yako ataikuta. Vilabu vya skauti, walimu wa jiografia wa sekondari za Chalinze na Bagamoyo, hii ni kazi yenu ya likizo!

Mahitaji ya mashine si makubwa. Gigabaiti 8 za kumbukumbu zinatosha kwa eneo la kata moja, mradi ukate data kwa mpaka wa eneo lako kabla ya kuanza kukokotoa badala ya kubeba mkoa mzima wa Pwani. Pakua matabaka usiku bando likiwa rahisi. Kiolesura kina vitufe vingi mno na kinatisha kwa saa ya kwanza. Vipuuze vyote isipokuwa vya mteremko, umbali, ukanda na kikokotoo, hivyo vinne vimefanya karibu kila nilichokieleza hapa.

Mimi nimeshafungua mradi mwingine. Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, akavuka Kingani, ambao ndio Ruvu huu huu, na akaandika majina ya vituo msafara ulipolala: Kikoka, Rosako, Kingaru, Msuwa. Njia hizo zilikuwa za misafara ya wenyeji kabla yake, na kila jioni kirangozi aliyetangulia mbele alipaswa kupima maji, kivuli, kuni na usalama, vitu vile vile nilivyovipa alama kwenye kikokotoo. Nataka kuweka vituo hivyo juu ya matabaka yangu, kimoja kimoja, nione vingapi vinaangukia kwenye kijani. Nikishavipata, ramani nzima itachapishwa hapa, na data yake nitaigawa bure kwa yeyote anayetaka kwenda kulala huko.